Kadoa ka waridi kutoka tope la mikoko, nani kasema ni spishi ileile?

#1 BintiLangoni

Salamu alekum wadau, wa pwani na wa bara. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite salama, mwenye chai na mahamri akae tuzungumze. Ombi langu nitalitia mwishoni mana nikilisema sasa hamtoelewa nalilia nini.

Nimerudi Amu, Lamu kwetu, huu mwezi wa pili, na kila nikipita barazani naulizwa shule yote ile ulikua ukisomea nini, nikisema bakteria naambiwa basi wewe daktari, nikisema si daktari, kazi yangu ni kuwapanga hawa wadudu, kujua huyu nani, ukoo wake upi, ndugu zake wako wapi, watu wanacheka, mmoja kaniambia kumbe wewe ni chifu unawagawia bakteria vitambulisho. Sawa. Ndio hiyohiyo.

Kisa chenyewe. Miaka miwili nyuma nilikuja likizo, ami yangu akanipakia kwenye mashua yake tukavuka upande wa Manda, maji yamekupwa, nikashuka matopeni chini ya mikoko nikajaza chupa tatu. Lile tope jeusi linalonuka yai viza, mnalijua (harufu ile yenyewe ni kazi ya bakteria, wanaitumia salfeti ya maji ya bahari kama sisi tunavyotumia hewa, wanachotoa ndio gesi hiyo). Nikarudi nalo chuoni nikalitandaza kwenye sahani za kuoteshea. Siku ya pili sahani zishajaa, wale bakteria wenye pupa wa kila pahali. Isipokua sahani moja nilikua nimeitia antibayotiki ya kuwazuia hao, ikakaa tupu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaisahau kwenye rafu. Wiki ya tano naichukua niitupe naona kadoa, kadogo kama kichwa cha sindano, rangi ya waridi.

Wallahi nilikaa nikakatazama.

Kwenye hadubini wana umbo la tone la maji, na hawajigawi katikati kama bakteria wengi, mama anachipuza mtoto upande mmoja, mtoto akikatika ana mkia, anaogelea, akipata pa kushika anaganda hapo nae anakua mama. Nikajua kabila lake palepale, Planctomycetota. Kabila la ajabu hili na waliolisoma ni wachache ukilinganisha na kina E. koli ambao kila maabara ya dunia imewasoma mpaka wamechoka.

Basi nikatuma jeni moja ikasomwe, ile ya 16S, ya ribosomu, kama herufi 1,500 hivi za DNA. Jibu likaja, inafanana na spishi moja inayojulikana, kidogo juu ya asilimia 98.7 ambayo watu wanaichukua kama mpaka, ukiwa tini ya hapo unaweza kusema ni spishi nyingine. Mkubwa wangu akasema basi ni ileile, weka pembeni tuendelee. Mimi moyo ukakataa. Ile ya kwenye vitabu imetoka bahari ya baridi, yangu imetoka tope la Manda linalochemka jua la saa saba. Nikamwambia jeni moja haitoshi tusome jenomu nzima, yaani herufi zote za DNA yake, tulinganishe. Huo ndio ubishi niliouleta hapa.

#2 Mchele_wa_Nazi

Chupa tatu za tope la Manda umepanda nazo basi mpaka chuoni?? Na aliekaa jirani yako alikusamehe?

#3 BintiLangoni

Hahaha, kuanzia Mokowe mpaka Malindi nilikua nimezifunga kwa plastiki mara nne. Baada ya Malindi moja ikavuja. Sisemi zaidi.

#4 NahodhaWaMkanda

Mwanangu, yeo nimekaa na simu mpaka mato yananiuma. Mimi si msomi, lakini nauliza. Sisi chombo tukikiona mbali twakijua. Twatazama omo, mbele yake, twatazama tezi, nyuma yake, twatazama tanga lilivyokatwa, tukasema hili ni jahazi, ile mashua, lile dau. Hatuhesabu misumari. Sasa nyinyi mwamuona huyo mdudu ana umbo la tone na achipuza, kwani hamumjui kwa umbo lake mpaka mumsome herufi milioni?

#5 BintiLangoni

Mzee Nahodha shikamoo. Swali lako ndilo lenyewe, mana watu wa mwanzo walifanya hivohivo na kabila hili hili, na likawapoteza karibu miaka mia.

Mwaka 1924 bwana mmoja wa Hungaria, Nándor Gimesi, alitazama maji ya kidimbwi kule Budapest akaona vitu vimeota kama nyota, vina vijiti, akasema hii ni kuvu. Akaipa jina Planctomyces bekefii, na Planctomyces maana yake ni kuvu anaeelea. Alitazama omo na tezi, akasema ni jahazi. Miaka ikapita, wengine Marekani wakaona kitu kama hicho wakakiita bakteria kwa jina jingine kabisa, mpaka 1972 ndio mtu akasema jamani, hivi vitu viwili ni kimoja, na ni bakteria, si kuvu. Alafu kila bakteria wa majini mwenye kijiti na mwenye kuchipuza akawa anatiwa humohumo kwenye jina la Planctomyces. Umbo, umbo, umbo.

Na huyo wa asili mwenyewe hakuna aliyeweza kumuotesha. Jina lipo, picha zipo, mwenyewe hayupo kwenye chupa ya mtu yeyote. Mwaka 2020 ndio Svetlana Dedysh na wenzake Urusi walimpata ziwani, wakaisoma jenomu yake bila hata kumuotesha. Kabla ya hapo, wale waliokua wamepachikwa jina lake kwa kufanana umbo, jenomu zilipolinganishwa ikaonekana hata jenasi moja (ngazi ya juu ya spishi) hawatoshi, wakatawanywa. Aliekua Planctomyces maris sasa ni Gimesia maris (angalau mzee Gimesi kapata heshima yake), limnophila akaenda kwenye Planctopirus, brasiliensis akaenda kwenye Rubinisphaera. Kwahiyo mzee, omo zilikua moja na mbao zilikua za misitu mitatu mbalimbali.

#6 NahodhaWaMkanda

Mbao za misitu mitatu. Haya, nimekufahamu. Endelea.

#7 Malindi_Ndani

Dadangu mimi niko maabara ya hospitali hapa Malindi mwaka wa kumi na moja sasa, na ubishi wako naupenda ila nataka nikutie mchanga kidogo. Sisi mgonjwa akija anaharisha damu tunaotesha, tukipata Shigella tunaandika Shigella, daktari anajua afanye nini. Nyinyi watu wa jenomu mkija mnatuambia Shigella ni E. koli tu, ukoo uleule. Kwa herufi mna haki, nimeona ule mti wa ukoo, kina Shigella wametawanyika ndani kwa ndani ya E. koli, hata hawako tawi moja. Lakini mimi nikimwandikia daktari E. koli atasema huyo si yuko tumboni mwa kila mtu?

Na kimeta vilevile. Bakteria wa kimeta na yule Bacillus cereus anaeharibu wali uliolala, jenomu zao kubwa karibu zinalingana, kinachomfanya wa kimeta aue ng'ombe na mchinjaji wake kiko kwenye plasmidi mbili, vipete vidogo vya DNA, pXO1 na pXO2, nje ya kromosomu. Sasa ukilinganisha kwa wastani wa jenomu nzima, hizo mbili zinapotea kwenye hesabu. Ng'ombe hajali wastani.

#8 BintiLangoni

Kaka Malindi, "ng'ombe hajali wastani" naiandika ukutani.

Uko sawa na wala hakuna aliyekulazimisha, jina la Shigella limeachwa makusudi kwa ajili ya hospitali. Jina la mgonjwa linaokoa mtu, mimi langu ni la ukoo. Tunagongana pale watu wanapotaka jina moja lifanye kazi zote mbili.

Ila tofauti yangu na wewe ni hii. Wewe unae Shigella wa miaka mia na zaidi, wagonjwa, vipimo, vitabu. Mimi nina kadoa. Hakatii mtu ugonjwa, hakajulikani kanakula nini, hakana historia. Kwa makabila kama haya kulinganisha jenomu ndio karibu kila kitu tulichonacho.

#9 Kobe_wa_Watamu

Samahani dada lakini mimi naona wasomi wa bakteria wanatafuta kazi tu. 2020 wakaichukua Lactobacillus, jina la kwenye kila kopo la maziwa ya mtindi, wakaivunja jenasi 25. Ishirini na tano! 2021 wakaja na majina ya makabila, Firmicutes sasa Bacillota, Proteobacteria sasa Pseudomonadota, kila kitu -ota -ota. Alafu hiyo asilimia 95 yenu, eti jenomu zikifanana kupita hapo ni spishi moja, nani kaipanga? Kwa hesabu hiyo mimi na sokwe mtu ni spishi moja mana nasikia tunafanana herufi karibu 99 kwa mia.

#10 Mchele_wa_Nazi

Kobe hilo la sokwe mbona ushahidi tunao siku nyingi

#11 UstadhWaHati

Assalamu alaykum. Ruhusuni nitie neno mimi si mtu wa sayansi lakini kisa hiki nimekikuta kwenye kasha la marehemu babu.

Babu aliacha nakala tatu za utenzi mmoja, zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu, mikono mitatu tofauti, nyengine imeliwa na mchwa pembeni. Nilipokua kijana nilitaka kujua ipi imenakiliwa kutoka ipi. Nikaanza na beti za mwanzo, za kumhimidi Mola na kumsalia Mtume. Zote tatu sawasawa, neno kwa neno. Nikasema basi ni nakala za mtu mmoja. Nikakosea. Beti zile hakuna mwandishi anaethubutu kuzichezea, kwahiyo hazikuambii kitu kuhusu aliyeandika. Tofauti zimejificha ndani, beti ya arubaini, ya sabini, pale mwandishi kasinzia akaruka mstari, na kila alienakili kutoka kwake nae karuka mstari uleule bila kujua. Lile kosa wanaloshirikiana ndilo lililonionyesha ukoo wao, usahihi wanaoshirikiana haukunisaidia kitu.

Sasa binti anaposema jeni moja ya 16S, nimeona kama anazisema zile beti za himidi. Au nimefahamu vibaya?

#12 BintiLangoni

Maalim umenitoa machozi. Miaka sita nimesoma hakuna mwalimu aliyeniambia kwa maneno mafupi hivyo. Ndio. 16S ni beti za himidi. Ribosomu ndio kiwanda cha protini, ukiichezea unakufa, kwahiyo herufi zake zinabadilika pole sana. Ndio mana inafaa kwa mambo ya mbali, Carl Woese na George Fox mwaka 1977 kwa molekuli hiyohiyo ndio walioona kwamba tuliowaita bakteria wote ni mataifa mawili, bakteria na arkea, hakuna aliyewahi kuliona hilo kwa umbo. Siidharau kabisa. Lakini kwa ndugu wa karibu inasinzia, spishi mbili zaweza kuwa na 16S karibu sawa ilhali ndani zimeachana zamani.

Na kuna yule mwandishi mjanja maalim, aliyekua na nakala mbili mezani akawa anachota beti huku na beti kule. Bakteria wanafanya hivyo, wanapeana jeni kando, si baba kwa mtoto. Ukisoma jeni moja na bahati yako mbaya ikawa ni hiyo iliyochotwa kwa jirani, umemtia mtu ukoo usio wake. Ukisoma zote, za kuazima zinajitenga.

Sasa kaka Kobe nisikukimbie. Zamani, kuanzia 1987, mpaka uliokubalika ulikua asilimia 70 ya kupima DNA kwa DNA. Unachukua DNA ya bakteria wawili, unazichemsha nyuzi ziachane, unazipoza pamoja uone ngapi za huyu zitamshika yule. Kazi ya kutoa jasho, maabara mbili zinaweza kupata majibu mawili, na matokeo huwezi kuyaweka kabatini mwenzio ayatumie, kila akija mgeni unaanza upya. Jenomu ya kwanza ya bakteria kusomwa nzima ni ya Haemophilus influenzae, 1995, herufi milioni 1.8. Zilipozidi kujaa, watu wakasema kwanini tuchemshe, kompyuta ikate jenomu ya huyu vipande vya kama herufi elfu elfu, kila kipande kitafutiwe mwenzake kwa yule, vikikutana unahesabu herufi zinazofanana, alafu unatoa wastani. Hiyo ndio ANI. Ikaonekana 70 ya zamani inaangukia kwenye 95 ya sasa. Kwahiyo 95 haikutoka hewani, imerithiwa.

Kuhusu sokwe umenibana kweli, na wala sikatai. Spishi kwa bakteria ni kitu kipana kuliko kwa wanyama. E. koli watatu walipolinganishwa 2002, ukikusanya aina zote za protini zao, zilizopatikana kwa wote watatu zilikua kama 39 kwa mia tu. Wote spishi moja! Alafu herufi za zile wanazoshirikiana zinafanana kupita 95. Ndio ulimwengu wao, mmoja anaweza kua na vyumba vitano na nduguye vinane na bado nyumba moja.

Lakini mpaka si wa kubuni tu. 2018 watu walizilinganisha jenomu 90,000 kila moja na kila moja, kwa programu ya haraka inaitwa FastANI, wakaona kitu kama mlango wa mwamba. Jozi nyingi sana ziko juu ya 95, nyingi sana ziko tini ya 83, katikati pakavu. Mpaka umewekwa pale ambapo chombo chenyewe hakipiti.

#13 Kobe_wa_Watamu

Sawa hilo la pakavu katikati limeniingia. Ila jenomu 90,000 za nani? Si ndio haohao E. koli na wa TB mnaowasoma kila siku?

#14 BintiLangoni

Kobe wewe unajifanya unabisha kumbe umeshafika nilipokua nakwenda!! Hapo hapo.

Ndio, nyingi ni za wale wanaotia watu ugonjwa. Makabila ya matopeni yana jenomu chache, jenasi nyingine ina jenomu moja. Sasa ukiniambia kadoa kangu hakafiki 95 na ndugu yake wa karibu kwenye hifadhi, nauliza, ndugu wa karibu, au ndugu wa karibu aliyewahi kuokotwa? Kule kaskazini wameokota sana. Rhodopirellula baltica, jenomu yake herufi milioni 7.1, ilitoka Kiel kwenye bahari ya Baltiki, ikasomwa 2003, na wengi wanaofuata wametoka Ulaya. Huku Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, tope tunalokanyaga kila siku. Ile nafasi kavu kati ya 83 na 95 kwa kabila kama hili, mimi siapi kwamba ni kavu kwa maumbile. Huenda ni kavu kwasababu hakuna aliyeshuka na chupa.

Mikoko ya Guadeloupe kule Karibi, Olivier Gros aliona nyuzi nyeupe kwenye majani yaliyooza majini, mwaka 2022 ikatangazwa ni bakteria mmoja, Thiomargarita magnifica, urefu wa sentimita nzima, unamuona kwa macho. Mikoko kama yetu. Angalikuwepo hapa Wiyoni tungalimfagia.

#15 SomaKwanza

Dada mimi ni mtu wa kompyuta, maswali mawili. Kwanza, kwa kazi ya jenasi na juu ya jenasi ANI inafanyaje, mana vipande vikishakua mbali sana si havitafutani tena? Pili umejuaje hiyo jenomu uliyoisoma ni ya mdudu mmoja?

#16 BintiLangoni

La kwanza kwa ufupi, uko sawa, ikishuka tini ya themanini hivi ANI haina maana, vipande vinavyokutana vinakua vichache mno. Hapo unaacha herufi za DNA unalinganisha protini, zinabadilika pole zaidi. Wengine wanahesabu protini ngapi wanashirikiana, nusu ndio mpaka wa jenasi kwa wengi. Kabila letu wamezoea pia jeni ya rpoB. Na kwa mti mzima watu wa Queensland, Australia, walitengeneza GTDB 2018, hazina ya kuwapanga bakteria kwa jenomu, jeni 120 ambazo karibu kila bakteria anazo, zinaunganishwa, mti unachorwa, alafu ngazi zinapangwa kwa kina cha matawi ili jenasi ya huku na jenasi ya kule ziwe na umri unaokaribiana. Kobe, -ota zako zilikuja ngazi ya kabila ilipotiwa kwenye sheria za majina, 2021.

La pili ndio aibu yangu, haya nisomeeni.

Jenomu iliporudi mara ya kwanza nilikua nimeshampigia mama. Nikamwambia mama nimepata bakteria ambae dunia haimjui, mama akamwambia jirani, jirani akawaambia wa Mkomani, mpaka nyumba ya harusi nilikua nazungumzwa. Jenomu yenyewe herufi zaidi ya milioni 11. Nikasema mashallah kubwa, hawa jamaa wanajulikana kwa jenomu kubwa. Nikapiga ANI, namba ya ajabu, haifanani na kitu. Nikafurahi zaidi!! Usiku ndio nikakumbuka kupitisha CheckM, ile programu inayotafuta jeni ambazo kila mmoja wa ukoo huo lazima awe nazo nakala moja. Zikikosekana jenomu haijatimia. Zikiwa mbilimbili una mgeni ndani. Zangu zilikua mbilimbili kila pahali.

Na kingine kilichokua kinapiga kelele na mimi sikukisikia, kulikua na jeni ya FtsZ. Karibu bakteria wote wanaitumia protini hiyo kujikata katikati. Planctomycetota hawana, walishaitupa, na huyu wangu anachipuza. Sasa jenomu ya mtu asiejigawa ina kisu cha kujigawia, kimetoka wapi? Kadoa kangu kalikua na mpangaji, bakteria mwingine anaishi kwenye ute wake, haonekani kwa rangi.

Nikaanza upya. Miezi minne ya kumtenga, kuhamisha sahani kwa sahani, kila mara wiki nne tano za kungoja. Mama kila akipiga anauliza yule mtoto wako vipi, namwambia bado anaoga. Mara ya pili jenomu ikaja chini ya milioni 8, nakala mojamoja, FtsZ hakuna. Na ANI na ndugu yake wa kwenye vitabu haikufika hata 90. Nikampelekea mkubwa wangu nikaweka mezani sikusema neno.

#17 Malindi_Ndani

Hilo la FtsZ limenikaa. Yaani ungalitumia wastani peke yake ungaliandika uongo na namba ingalikushuhudia.

#18 BintiLangoni

Ndio kaka. Ng'ombe na mimi sote tumejifunza.

#19 Mchele_wa_Nazi

Sasa jina lake nani? Mimi napendekeza aitwe kwa jina la Amu, alafu tupewe maulidi ya bakteria

#20 BintiLangoni

Jina la pahali linaishia -ensis, kwahiyo lamuensis lingefaa, nimeshaliota mara nyingi. Lakini hana jina na hapa ndipo ombi langu linapokuja.

Sheria za majina ya bakteria, ukitaka jina rasmi lazima umuweke mdudu mwenyewe, hai, kwenye hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, ili mwingine akitaka ampate. Mimi nilimhifadhi kwenye friza, chupa sita. Friza ikazimika mwisho wa wiki, sitaji wapi, na jenereta nayo ikawa na hadithi yake. Jumatatu kila kitu maji. Nimejaribu kuwafufua wote sita. Hakuna.

Kwahiyo ninacho ni jenomu bila mwenyewe. Kama yule wa Budapest kwa kinyume, yeye alikua na picha bila mdudu. Zamani ukiwa hivi unaandikiwa Candidatus, mtarajiwa, jina la kusubiri lisilo na haki kamili. Tangu 2022 kuna kanuni nyingine, SeqCode, inakubali jenomu yenyewe iwe ndio kielelezo, na wenzangu wananiambia chukua njia hiyo umalize. Hata Kuenenia, yule wa kabila hili hili anaegeuza amonia kuwa gesi ya naitrojeni pasipo hewa, jenomu yake ilitolewa 2006 kutoka kwenye mchanganyiko wa bakteria bila kumtenga, na heshima yake anayo. Najua. Lakini jenomu haiwezi kuniambia anakula nini, anapenda chumvi kiasi gani, anakufa joto gani. Zaidi ya theluthi ya jeni zake programu inaniandikia "kazi haijulikani". Bila mdudu hai nitazijuaje?

Nataka nirudi palepale nichote tena. Safari hii na vibali vyangu vyote mkononi kabla sijashika chupa, mana mali ya viumbe ya nchi haichukuliwi kiholela na kuisafirisha nje kwenda hifadhi ni makaratasi mengine. Tatizo ni moja, ami aliyenipeleka alifariki mwaka jana, Mola amrehemu. Mimi nilikua nimeinamia tope sikutazama ndia. Sikuandika hata namba za ramani za simu, uzembe wangu. Ninachokumbuka, tulipita kijito kinachopinda kushoto, pana mlilana mkubwa umeinamia maji, na pembeni rundo la boriti za zamani zimeachwa zimeoza.

#21 Kobe_wa_Watamu

Innalillahi. Pole sana dada. Na mimi ubishi nimeuweka chini.

#22 UstadhWaHati

Mola amlaze pema. Hati ikichomeka na nakala ikabaki, bado twaitafuta hati.

#23 SomaKwanza

Picha za siku ile huna kwenye simu? Picha mara nyingi inabeba namba za pahali ndani yake hata kama hukuziandika.

#24 BintiLangoni

Simu ile ilianguka majini siku hiyohiyo tukirudi. Usiniulize.

#25 NahodhaWaMkanda

Mwanangu. Ami yako ni yule aliyekua na mashua ya ukanda wa kijani, akipenda kuimba akishika usukani?

#26 BintiLangoni

Ndie huyo baba!!

#27 NahodhaWaMkanda

Mola amrehemu, tumevua pamoja miaka. Huo mlilana naujua, mwaka huu umeanguka lakini kisiki chake kipo na boriti zipo, zilikua za watu wa Matondoni wakaziacha. Kijito hakipindi kushoto, chapinda kulia, wewe ulikua umekaa umeupa mgongo omo. Maji mafu yaliyopo sasa hayafai, tope halitoki lote. Bamvua laja Jumamosi, maji yatakupwa asubuhi. Njoo gatini alfajiri baada ya sala, karatasi zako uwe nazo, na chupa lete zaidi ya tatu.

#28 BintiLangoni

Nitaleta kumi baba, na friza nimeshaomba mbili, nyumba mbili tofauti. Mchele, wewe utakuja kubeba.

#29 Mchele_wa_Nazi

Nakuja. Sikai jirani na chupa.